Mackay wa Nateete, Fundi Aliyechonga Herufi

Mtu akitoka mjini Kampala kwa barabara ya Masaka hupita kwanza Ndeeba, penye mbao na mafundi seremala, kisha hufika Nateete. Siku hizi Nateete ni mahali pa maduka, teksi na kelele nyingi. Lakini miaka zaidi ya 140 iliyopita palikuwa na karakana yenye kerezo, fuawe, jiwe la kunolea na mtambo mdogo wa kupigia chapa, na bwana wa karakana hiyo alikuwa Mskoti aitwaye Alexander Mackay.

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Mimi si mwanahistoria. Ni seremala, na ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, nami kila Jumamosi huja kuwasaidia vijana wa chama cha ufundi. Kwa hiyo nimemchagua fundi, nami nitamweleza jinsi fundi amwonavyo fundi mwenzake. Habari za mahubiri yake zimeandikwa sana na watu wa kanisa. Habari za mikono yake hutajwa kwa haraka haraka tu, kama kwamba zilikuwa mchezo wa saa za mapumziko.

Nina sababu nyingine tena. Mwaka huu chama chetu kinaunda, kwa mbao, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Wazazi kadhaa wameuliza kama kazi ya msumeno na gundi yamfaa kijana anayetazamia kwenda Makerere, na vijana wawili wamekwisha kuondolewa chamani ili wasome zaidi. Siwalaumu wazazi, maana karo ni nzito na mtihani hauna huruma. Ila naona ni haki wajue habari za mtu huyu kabla hawajawaondoa wengine.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, katika jimbo la Aberdeenshire, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mtu wa elimu nyingi, akamfundisha mwenyewe nyumbani mpaka mtoto alipokuwa wa miaka 14. Baba alitumaini kwamba mwana atashika vitabu. Mwana naye alivishika, lakini akapenda pia kusimama katika vibanda vya wahunzi na maseremala akiwatazama kazini, tena alipenda sana kupiga chapa. Husimuliwa kwamba alikuwa akienda kwa miguu maili 4, na kurudi maili 4, ili apate kuitazama injini ya gari la moshi kwa muda wa dakika mbili tatu inaposimama kituoni. Kijana wa namna hii kila shule inaye mmoja, na mara nyingi ndiye yule anayeambiwa kwamba hana bidii.

Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu mjini Edinburgh. Baadaye akasomea uhandisi, huku akifanya kazi ya mikono katika kiwanda cha mashine huko Leith, bandari ya mji ule. Mwaka 1873 akaenda Berlin, Ujerumani, akawa mchora ramani za mashine, naye akapanda cheo upesi. Basi wazazi watambue kwamba hakukimbilia msumeno kwa sababu ya kushindwa masomo.

Mwishoni mwa mwaka 1875, gazeti moja la London lilitangaza barua ya Stanley, yule msafiri, kwamba Kabaka Muteesa wa Buganda anataka walimu. Chama cha wamisionari cha CMS kikaomba watu, na Mackay akajibu kutoka Ujerumani. Mwezi wa Aprili 1876 alisafiri na wenzake, wote wakiwa wanane, naye akiwa mdogo kuliko wote. Kabla ya kuondoka aliwaonya wakubwa wa chama kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda wakasikia kwamba mmoja wao amefariki. Na ndivyo ilivyokuwa, na mauti hayakuishia kwa mmoja. Mwezi wa Desemba 1877 wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe.

Mackay mwenyewe aliugua njiani mara ya kwanza, akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Katika mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani, pwani, mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, akiwa na watu wenye mashoka, majembe na misumeno. Watu wa kule, waliozoea kumwona Mzungu akibebwa au akiandika, wakampa jina la Mzungu wa Kazi.

Alipofika Kageye, kusini mwa ziwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza leo, alikuta mali za chama zimetupwa ovyo ghalani: vyuma, vitabu, dawa na vipande vya injini, vyote vimechanganyika. Mashua yao iliyoitwa Daisy, iliyoletwa kutoka Uingereza kwa vipande, ilikuwa imeharibika vibaya. Akaitengeneza, akaanza safari ya Buganda pamoja na mwenzake Wilson. Dhoruba ikaitupa pwani na kuivunja. Sasa tazameni akili ya fundi. Hapakuwa na mbao nzuri mahali pale. Basi aliikata mashua katikati, akaondoa kipande cha futi 8, akavuta omo na tezi zikakutana, na mbao za kile kipande cha katikati akazitumia kuziba matundu ya mbele na ya nyuma. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea. Mwezi wa Novemba 1878 Mackay akafika katika mji mkuu wa Kabaka, ndipo Kampala ya leo.

Sitaki msomaji adhani kwamba alifika kwa watu wasiojua ufundi. Wahunzi wa Buganda walikuwa wakifua majembe na mikuki mizuri, na watu wa visiwa vya Ssese walikuwa wakiunda mitumbwi mirefu kwa mbao zilizoshonwa pamoja kwa nyuzi, bila msumari hata mmoja. Seremala wa leo akipewa kazi hiyo atatoka jasho. Wala kusoma hakukuletwa na Mackay. Waarabu na Waswahili walikuwa wametangulia kwa miaka mingi. Muteesa alijua Kiswahili, tena aliweza kusoma maandishi ya Kiarabu. Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango wa Mackay barazani. Alichukua tafsiri za Kiswahili za Askofu Steere wa Zanzibar, akawasomea watu, akaeleza, na huku akijifunza Luganda. Sisi tunaoandika katika kurasa hizi za Kiswahili tuna haki ya kulikumbuka jambo hilo.

Kilichowashangaza watu hasa ni gurudumu. Jiwe lake la kunolea lilizunguka kwa mkono, na kerezo lake likautoa mti ukiwa mviringo, laini kama yai. Watu walikuja kutazama makundi kwa makundi. Baadaye alichimba kisima na kuweka pampu, wakastaajabu kuona maji yakipanda juu badala ya kushuka. Pia alitengeneza gari na kufundisha ng'ombe kulivuta. Alipoulizwa siri ya mambo haya, aliwaonyesha vipande, kila kimoja na kazi yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipokuwa mwalimu hasa.

Sasa nafika penye kiini cha habari yangu. Vijana wa Lubiri walianza kuja Nateete kutaka kusoma, na kila mmoja alitaka karatasi ya herufi ya kwenda nayo. Kuandika kwa mkono hakukutosha. Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa chapa, lakini herufi kubwa zifaazo wanaoanza kusoma hakuwa nazo. Basi akakaa akazichonga kwa mti, moja moja, akapiga chapa karatasi za alfabeti na za silabi.

Mtu asiyeshika patasi aweza kudhani hiyo ni kazi ndogo. Kwanza, herufi ya chapa huchongwa kinyume, kama ionekanavyo katika kioo. B ikichongwa kama tuiandikavyo, karatasini itatoka imegeuka. Pili, sharti herufi zote ziwe na kimo kimoja. Kwa kipimo cha Waingereza kimo cha herufi ya chapa ni inchi 0.918, yaani kama milimita 23.3. Herufi ikipungua unene wa karatasi chache tu, haigusi wino. Ikizidi, hutoboa karatasi na kuwazuia jirani zake wasiguse. Tatu, lugha zetu zina njaa ya herufi nyingine kuliko Kiingereza. Kiingereza hutumia K kwa nadra, lakini andika Kabaka, andika kitabu, uone. Mwenye kisanduku cha herufi cha Kiingereza ataishiwa K kabla hajamaliza ukurasa.

Chama chetu kilipofikia hapo katika kuzungumza, ndipo wavulana walipotaka kazi ya kwanza ya mashine yetu iwe herufi za chapa za mbao, seti nzima ya Luganda na Kiswahili. Nami nikaona wazo hilo ni zuri kuliko lile langu la kuchonga nembo ya shule.

Nitaieleza mashine kwa kifupi kwa ajili ya wenzangu wa zamani, ambao siku zetu karakana ilikuwa na randa na jiliwa tu. Ni meza ya mbao yenye daraja juu yake. Meza ni ya plaiwudi ya milimita 18, na miguu ni vipande vya mvule tulivyonunua Ndeeba. Daraja huenda mbele na nyuma juu ya mabomba mawili ya chuma, kwa beringi ndogo. Juu ya daraja kuna kibebeo kiendacho kushoto na kulia. Na juu ya kibebeo kuna kingine kipandacho na kushuka, kikiwa kimeshika mota yenye kisu kinachozunguka kwa kasi. Basi kuna njia tatu, na kila njia ina mota yake na fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu. Mota hizi hazizunguki ovyo. Huenda kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Fimbo yetu ina unene wa milimita 8, na kila mzunguko husogeza nati milimita 1.25. Pigeni hesabu: milimita moja ni hatua 160. Kompyuta kuukuu huhesabu hatua, nasi huipa mchoro.

Lakini kompyuta haijui kwamba mbao ni kitu chenye uhai. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei, ubao hunywa unyevu, hutanuka na kupinda, na hatua 160 hazimnyooshi mtu aliyesimama juu ya sakafu iliyopinda. Ndiyo maana tumetumia plaiwudi, ambayo tabaka zake zimelazwa moja kinyume cha nyingine, nasi tumeipaka vanishi pande zote, hata chini pasipoonekana. Tena nati iliyolegea huiba kipimo kila mota inapogeuza mwendo; kwa hiyo tumeweka nati mbili kwa kila fimbo, na springi katikati yake ya kuzisukuma zisicheze. Na meza yenyewe itasawazishwa na mashine yenyewe: kisu kitapita juu ya uso wote wa meza na kuukwangua mpaka uwe sawa na njia zake. Baada ya hapo kila kijiti kitakacholazwa pale kitatoka na kimo kimoja. Kazi hiyo Mackay aliifanya kwa randa, kwa jicho na kwa subira, usiku, baada ya kutwa nzima barazani.

Vijana huniuliza kama yeye angeifurahia mashine hii. Nadhani angeifungua kwanza aone ndani.

Ufundi wake ulimpeleka mahali pengi, hata pasipopendeza. Mwaka 1882 Namasole, mama yake Kabaka, alifariki. Muteesa akataka mama yake azikwe kwa heshima kama ya wafalme wa Ulaya, akamwita Mackay. Yalitakiwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na moja lake lifunikwe kwa shaba. Shaba ikatolewa katika nyumba ya Kabaka: masinia, vyungu na ngoma za shaba, vyote vikapigwa nyundo vikawa bamba. Wahunzi wa Kabaka walisaidia, na kazi ilikwenda mchana na usiku kwa muda wa kama mwezi mzima. Jeneza la nje lilikuwa kubwa kama chumba. Kisha likashushwa katika kaburi refu lililojazwa mbugu zisizo na idadi.

Pia alitengeneza bunduki za Kabaka. Watu wengine wanaosimulia maisha yake huruka jambo hili, nami sioni faida ya kuliruka. Bunduki zile zilikwenda vitani na katika kuteka watu, na yeye aliyachukia mambo hayo. Lakini fundi aliyekula mezani mwa mfalme hakuweza sikuzote kuchagua kazi ya kuletewa. Wala hakuwa mtu mpole wa maneno. Mapadre wa Kikatoliki walipofika mwaka 1879, yeye na Padre Lourdel walibishana mbele ya baraza zima, hata Kabaka akashindwa kujua amsikilize nani. Na Waarabu alipambana nao vilevile. Shule yetu ina Wakatoliki, Waislamu na Waprotestanti wanaokula meza moja, na kila mmoja ana sababu ya kumwona Mackay kwa jicho lake.

Karatasi za herufi zilizaa matunda. Mwaka 1881 kijana aitwaye Sembera alipeleka barua aliyoiandika mwenyewe kwa Luganda kwa unyasi uliochongwa, kwa wino aliojitengenezea, akiomba ubatizo. Mwezi wa Machi 1882 watano wa kwanza walibatizwa, naye akachukua jina la Mackay. Mmoja katika Wakristo wa kwanza alikuwa Henry Wright Duta, ambaye baadaye alisaidia sana kuifasiri Biblia nzima kwa Luganda, kazi iliyokwisha mwaka 1896.

Siku zile neno la Luganda la kusoma lilikuwa ndilo neno la kuingia dini, na msomaji aliweza kuuawa. Waislamu ndio waliotangulia kuonja. Wengi wao waliuawa mwaka 1876 kwa amri ya Muteesa. Muteesa akafariki mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akarithi. Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa wakienda ziwani na vijana wao, wakakamatwa njiani. Wazungu wakaachiliwa. Tarehe 31 Januari vijana watatu, Makko Kakumba, Nuuwa Sserwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega, mwendo mfupi tu kutoka karakana. Lugalama alikuwa bado mtoto. Hawa walikuwa wamesoma Nateete.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, palikuwa na moto mkubwa wa Namugongo, walipouawa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Mackay hakuweza kuwaokoa. Alifanya lile aliloliweza: alipiga chapa barua kwa wasomaji waliojificha, ikapita mkono kwa mkono. Mtambo ule mdogo ulikuwa umekwisha kuwa kitu cha hatari. Mtu akikutwa na karatasi yake aliweza kuuawa, na bado watu walikuja usiku kuzitaka.

Kwa nini Mwanga hakumwua yeye? Husemwa kwamba moja ya sababu ni kuwa alihitaji fundi, nami naona yaaminika. Lakini maneno ya barazani yalizidi kumwelemea, na mwezi wa Julai 1887 alifunga karakana akavuka ziwa kwenda Usambiro, kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Huko alianza upya. Alifyatua matofali, akapiga chapa, akaendelea kufasiri, akapokea wakimbizi kutoka Buganda. Stanley alipopita mwaka 1889 na msafara wake uliochoka, alikaa kwake karibu wiki tatu, akakuta karakana yenye kazi nyingi. Mackay alikuwa akiunda mashua ya mvuke ya kuvuka ziwa, na mbao zake alizikata yeye mwenyewe. Tangu atoke Uingereza mwaka 1876 hakuwa amerudi kwao hata mara moja, na alipoitwa arudi apumzike hakutaka kuiacha kazi bila mtu wa kuishika.

Mwanzoni mwa Februari 1890 akashikwa na homa ya malaria, na tarehe 8 akafariki, akiwa na umri wa miaka 40. Mzungu aliyekuwa pamoja naye ni mmoja tu, na vijana wa Buganda walikuwapo. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokuwa amezikata kwa ajili ya ile mashua, wakamzika kesho yake, Jumapili, saa nane mchana. Mwaka 1927 mifupa yake iliondolewa Usambiro ikaletwa Kampala, ikazikwa Namirembe, na kaburi lipo hapo mlimani hata sasa.